Studio za Dar zilirithi kazi ya redio, hazikurithi ghala lake

Mgeni akiingia studio ya muziki Sinza, Tabata au Mbagala, cha kwanza kuonyeshwa ni maiki. Ataambiwa aina yake na jinsi ilivyopatikana. Zitafuata spika, saundi kadi na kinanda. Sasa aombe kusikilizishwa vokali peke yake, bila biti, ya wimbo uliorekodiwa humohumo miaka 6 iliyopita. Mara nyingi hapo ndipo maelezo yanapoanza: kompyuta ile iliuzwa, diski ilikufa, au faili ipo lakini haifunguki kwa kuwa programu ya wakati ule haimo kwenye mashine mpya. Kilichobaki ni MP3 iliyoshushwa mtandaoni, ileile aliyonayo kila shabiki kwenye simu yake.

Hapo ndipo pa kupimia ukuaji wa studio huru. Maiki huanza kushuka bei siku inapotoka dukani Kariakoo, na kompyuta hushuka haraka zaidi. Kinachoweza kupanda thamani ndani ya chumba kile ni rekodi zenyewe, mradi ziko salama, zinafunguka, na zina karatasi inayosema nani ana haki gani. Studio yenye vifaa vya mamilioni na isiyo na ghala la kazi zake huanza biashara upya kila mwezi, hata kama ina miaka 10.

Ili kuelewa tumefikaje hapa, turudi Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Kwa miongo kadhaa, bendi iliyotaka kusikika nchi nzima ilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Wanamuziki waliingia studio wote kwa pamoja, magitaa, ngoma, tarumbeta na waimbaji, wakapiga wimbo mwanzo mpaka mwisho, na fundi mitambo akaunasa kwenye utepe. Aliyekosea aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Mfumo ule uliwapunja wanamuziki, na hilo lisifichwe: wapo magwiji wa dansi waliozeeka bila kitu huku vibao vyao vikipigwa kila wikiendi. Lakini utepe ulirudi rafuni ukiwa na jina la bendi na jina la wimbo. Ndiyo sababu NUTA Jazz, Morogoro Jazz na Mlimani Park bado tunazisikia kama zilivyopiga siku ile, na si kama mtu anavyozikumbuka.

Sheria ya huduma za utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa redio binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaingia hewani. Redio mpya zilitaka muziki mpya, na vijana waliokuwa wakirap kwa Kiswahili juu ya ala za Kimarekani walitaka ala zao wenyewe. Katika muongo huohuo zikasimama studio kama Mawingu, MJ Records ya Master J na Bongo Records ya P-Funk Majani. Bongo fleva ilipata sauti yake humo. Kazi ya kurekodi ikahama kutoka serikalini hadi kwenye vyumba vya watu binafsi.

Kazi ya kutunza haikuhama. RTD ilikuwa na mtunza maktaba aliyelipwa mshahara na serikali kwa kazi hiyohiyo. Studio binafsi ililipwa kwa wimbo, na mteja hulipia wimbo, halipii rafu. Biashara ya kaseti nayo ikachangia. Msambazaji wa Kariakoo alihitaji kitu kimoja, masta ya albamu iliyokwisha kuchanganywa, akaizalishe. Traki zilizotengana, yaani ngoma peke yake, besi peke yake, vokali peke yake, hazikumhusu, na kwa sababu hazikumhusu yeye hazikumsumbua mwenye studio. Teknolojia ya zama zile haikusaidia pia. Kanda za ADAT kwa umbo ni kanda za video za S-VHS zenye traki 8 za sauti. Kanda za DAT ni ndogo kuliko kaseti, na Sony iliacha kutengeneza mashine zake mwaka 2005. Mwenye kanda hizo kabatini leo ana kazi mbili: kutafuta mashine inayozisoma, kisha kuomba utepe uwe haujashikana kwa unyevu.

Kilichotokea jana hakirudi. Studio inayofunguliwa sasa, au iliyo kwenye mwaka wake wa tatu, ndiyo yenye nafasi ya kupanga mambo kwa namna nyingine. Na mpango huo unaanzia kwenye chumba, kwa sababu rekodi chafu haina thamani ya kutunzwa.

Fremu nyingi Dar, yaani vyumba vya biashara, hulipiwa kodi kwa mkupuo wa miezi 6 au mwaka, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Ukishalipa umeshalipa. Kwa hiyo chumba kikaguliwe mara tatu kabla ya pesa kutoka mfukoni: saa 11 alfajiri, saa 9 alasiri, na usiku wa Jumamosi. Alfajiri utasikia spika za ibada ziko umbali gani. Alasiri utasikia bodaboda, jenereta la jirani na mashine ya kuchomelea vyuma. Usiku wa Jumamosi utajua kama mtaa una vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha. Kwa anayetafuta Kipawa au Kiwalani, karibu na uwanja wa ndege, akae saa nzima ahesabu ndege.

Ukuta wa tofali la inchi 6 uliopigwa plasta pande zote mbili unazuia kelele kuliko wengi wanavyodhani. Kinachomwangusha mtu ni matundu. Chukua ukuta wa mita 3 kwa mita 2.7. Eneo lake ni sentimita za mraba 81,000. Mlango wa upana wa sentimita 80 ukiacha uwazi wa sentimita 1 chini, tundu hilo ni sentimita za mraba 80, yaani kama sehemu 1 ya ukuta kwa 1,000. Linaonekana dogo. Lakini hata ukuta wenyewe ungekuwa wa zege nene kiasi gani, tundu hilo peke yake linauzuia usivuke desibeli 30 za kukinga kelele. Tundu likifika sehemu 1 kwa 100, kikomo kinashuka hadi desibeli 20, na matofali ya kupitishia hewa juu ya dirisha yanazidi hapo. Ndiyo maana mtu anaweza kutumia pesa nyingi kwenye kuta na bado akasikia bajaji ikikata kona. Pesa ya kwanza iende kwenye mlango mzito wa mbao usio na uwazi ndani, mpira kuzunguka fremu yake yote, kizingiti cha chini kinachobana, na dirisha lililozibwa kwa tofali. Bati ni jambo jingine. Hakuna silingi bodi itakayoishinda mvua ya Aprili ikipiga juu ya bati. Anayeweza achague chumba chenye zege juu, au ajue mapema kwamba masika ni miezi ya kuchanganya nyimbo na si ya kuingiza sauti.

Trei za mayai zibanduliwe. Hazizuii kelele ya nje. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti za juu, zinaiacha besi kama ilivyo, na zinashika moto haraka.

Tatizo la ndani ya chumba ni tofauti na la nje, na hapa ndipo masikio ya fundi yanapodanganywa. Joto likiwa nyuzi 30, sauti husafiri mita 349 hivi kwa sekunde. Gawanya 349 kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinakupa 58. Maana yake chumba hicho kinavuma kwenye hezi 58 (mitetemo 58 kwa sekunde), na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, mvumo mmoja unapandana juu ya mwingine. Hapo ndipo kiki, yaani ngoma nzito ya chini, na besi za muziki wetu zinapokaa. Ubaya zaidi, mvumo huo hausikiki katikati ya chumba. Unasikika kwenye kuta. Fundi aliyeketi katikati anaona besi haitoshi, anaiongeza. Wimbo ukipigwa kwenye daladala, maneno yanafunikwa na mtikisiko, na msanii anaambiwa studio ile haijui kumixi. Fundi hakukosea. Alisikiliza mahali pabaya.

Chumba cha mita 3 kwa 4.2 kinafaa zaidi. Meza iwekwe ikitazama ukuta mfupi, na kichwa cha fundi kiwe mita 1.6 hivi kutoka ukuta huo. Kisha paneli za kunyonya sauti. Fremu 8 za sentimita 60 kwa 120 zinatosha kuanzia: 4 kwenye pembe, zikiachiwa nafasi nyuma yake, 2 kwenye kuta za pembeni mahali ambapo sauti ya spika inagonga kwanza, na 2 juu ya kichwa. Mbao za inchi 1 kwa 4 zinauzwa kwa urefu wa futi 12, na ubao mmoja unatoa fremu moja karibu bila bakaa, kwa hiyo ni mbao 8. Ndani ijazwe pamba ya mawe yenye unene wa sentimita 10. Anayeishika avae glovu na barakoa, maana nyuzi zake zinawasha ngozi na koo. Cha kufunikia ni khanga. Khanga moja inafunika fremu moja mbele na pembeni, hivyo doti 4 zinamaliza chumba. Zifuliwe kwanza, mara mbili, zitoke wanga. Khanga mpya iliyokakamaa huirudisha sauti badala ya kuipitisha. Kipimo ni rahisi: weka kitambaa mdomoni upulize. Pumzi ikipita, sauti itapita.

Kuhusu kile kibanda cha kuimbia cha mita 1 kwa 1 kilichowekwa sponji pande zote, ushauri wangu ni kukiacha. Kinavuma kwenye hezi 174 hivi, na kila mwimbaji anayetoka humo anasikika kama amejifungia kabatini. Paneli mbili nyuma ya mgongo wa mwimbaji, ndani ya chumba kikubwa, zinatoa vokali safi kuliko kibanda hicho.

Umeme ndio unaofuata kuua rekodi. Ukikatika wakati diski inaandika, faili inaweza kubaki nusu. Ukirudi kwa kishindo, unaunguza pawa saplai. Jioni, watu wa mtaa mzima wakiwasha pasi na mafriji, volti hushuka, na kompyuta inaanza kujizima bila sababu inayoonekana. Stabilaiza hushughulikia kushuka na kupanda. UPS hushughulikia kukatika, ikikupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kwa saa za mgawo unahitaji betri na inveta, na hesabu yake ni hii: kompyuta wati 150, spika mbili wati 80, skrini, saundi kadi na taa wati 70. Jumla 300. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400, lakini betri ya risasi na asidi ukiimaliza zaidi ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo hesabu 1,200. Inveta inakula takriban asilimia 15. Zinabaki 1,000 na kidogo, sawa na saa 3 na dakika 20 za kazi. Kiyoyozi cha nguvu-farasi 1 hakimo kwenye hesabu hiyo; kikiingizwa, betri haimalizi saa moja. Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei ndogo zinatoa umeme wa ngazi ngazi, na ngazi hizo zinasikika kwenye maiki kama nyuki.

Unyevu wa Dar nao una hesabu zake. Maiki ya kondensa ikiloa ndani inatoa sauti ya kitu kinachokaangwa, na wengi hudhani imeungua. Ikae kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vifuko vya silika vinavyokuja na viatu au mikoba. Ikitolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi na kupelekwa ukumbini kwenye joto, inatoka jasho kama chupa ya soda. Ipewe nusu saa ndani ya kopo lake kabla ya kuwashwa.

Upande wa kurekodi wenyewe, mafundi wetu wanajua kazi na sina la kuwafundisha zaidi ya tarakimu chache za kulinda ghala. Rekodi iwe ya biti 24 (hapa biti ni kipimo cha kidijitali, si ala) na kilohezi 48. Sauti iliyo juu kabisa iishie kati ya desibeli −12 na −6, kwa sababu iliyopasuka haitengenezeki na iliyo ndogo inapandishwa. Mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki. Na kuminya masta mpaka wimbo ukose pumzi kumepitwa na wakati: Spotify hushusha nyimbo zilizozidi kiwango chake cha LUFS −14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo wimbo wenye kelele unashushwa na msanii anabaki na wimbo bapa.

Sasa tufike ghalani.

Hesabu ya nafasi inashangaza kwa udogo wake. Traki moja ya mono kwa viwango hivyo ni megabaiti 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 30 ni kama gigabaiti 1, na ukichanganya traki za stereo, tuseme 1.5. Studio inayotoa nyimbo 12 kwa mwezi inajaza gigabaiti 18, kwa mwaka 216. Diski ya terabaiti 1 inabeba zaidi ya miaka 4. Diski mbili kama hizo ni gharama ndogo kuliko maiki wanayoonyeshwa wageni, na bado ndizo zinazokosekana.

Kuweka faili ya programu peke yake si kutunza. Faili hiyo ni maelekezo tu: inasema chukua sauti hii, ipitishe kwenye kifaa kile, ipandishe hapa. Kifaa kile kikikosekana, na kwenye programu zilizovunjwa kufuli kinakosekana mara kwa mara, maelekezo hayana wa kuyatekeleza. Kwa hiyo kila wimbo ukikamilika, kila traki itolewe kama WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa kama MP3, zote zikianzia sekunde ya sifuri hata kama mwimbaji anaingia dakika ya pili. Zikianzia sehemu tofauti, atakayezifungua miaka 8 baadaye hatajua wapi pa kuzipanga. Vokali zitolewe mara mbili, moja kavu na moja ikiwa na mwangwi wake. Jina la folda libebe tarehe, msanii, wimbo, kasi na ufunguo, kwa mfano 2024-05-17, kisha jina, kisha 098, kisha Cm. “Mpya final 2 ya mwisho” si jina, na kila aliyewahi kukaa mbele ya kompyuta ya studio anaijua folda hiyo.

Nakala moja ikae studio, ya pili kwenye jengo jingine kabisa, na zile kazi muhimu zipandishwe mtandaoni usiku bando likiwa rahisi. Jengo jingine lina maana yake. Wezi hubeba kompyuta pamoja na diski iliyochomekwa. Moto hauchagui. Na waliokuwa bondeni Msimbazi kwenye mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji kuelezwa kwamba maji hufika rafu ya juu.

Ukitaka kuona ghala linavyolipa, tazama singeli. Studio ya Sisso, Mburahati, haikuwa na mitambo mikubwa. Ni kompyuta, programu na vijana wanaojua wanachotaka kwa kasi ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi za studio hiyo, na singeli ikapanda majukwaa ya Ulaya. Mkusanyiko unatokana na faili zilizokuwepo. Lebo ikigonga hodi kwenye studio iliyofuta kazi zake ili kupata nafasi kwenye diski, inakuta chumba, vifaa na hadithi.

Wateja wa kawaida pia wanarudi. Kwaya iliyorekodi albamu miaka 5 iliyopita inataka pleibeki (ala bila sauti za waimbaji) ya wimbo mmoja kwa ajili ya mkutano wa injili. Kikundi cha kaswida kinataka kubadilisha ubeti mmoja. Msanii amepata shoo na bendi inaomba kusikia gitaa peke yake. Kampuni inataka ala bila maneno iwe tangazo la redio. Kila ombi kati ya haya ni kazi ya dakika 20 kwa aliye na traki zilizotengana. Kwa asiye nazo haiwezekani, au ni kurekodi upya kwa gharama asiyotaka mtu kuilipa.

Tuchukue hesabu ya mfano. Studio inatoza Sh150,000 kwa wimbo na kupata nyimbo 12 kwa mwezi: Sh1,800,000. Kodi 350,000, umeme 180,000, intaneti 80,000, msaidizi 400,000, jumla 1,010,000. Bakaa ni 790,000, na humo ndimo prodyuza anapojilipa na kutengeneza vilivyoharibika. Ikija Januari ya ada za shule, au Ramadhani, nyimbo zikashuka hadi 6, mapato yanakuwa 900,000 na studio imeingia hasara ya 110,000 kabla mwenyewe hajala. Studio nyingi hufungwa kwenye miezi kama hiyo, na kawaida mwenyewe anauza maiki kwanza. Pleibeki na matoleo ya ala kutoka ghalani hayatamtajirisha mtu, lakini ni pesa inayoingia bila mwimbaji kukanyaga studio, na miezi mibaya ndiyo inayohitaji pesa ya namna hiyo.

Linabaki suala la karatasi, na hapa pana mkanganyiko ambao umevunja urafiki mwingi jijini. Mtaani, prodyuza ni yule anayetengeneza biti na kukaa kwenye kompyuta. Kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mtayarishaji wa rekodi ya sauti ni yule aliyeanzisha na kubeba jukumu la rekodi hiyo kufanyika mara ya kwanza. Hao wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Msanii au meneja aliyekuja na pesa, akalipia saa zote na kuondoka na wimbo, ana hoja nzito kwamba masta ni yake. Aliyetunga biti ana haki kama mtunzi wa muziki, na hiyo ni haki nyingine inayoishi kando ya ile ya masta. Studio iliyotoa chumba na umeme pekee haina fungu kwa sababu tu imetoa chumba na umeme. Studio iliyorekodi kwa mkopo ikitarajia “tutagawana ikipata” imebeba jukumu, lakini bila maandishi itathibitisha vipi?

Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha, na uandikwe kabla maiki haijawashwa, kwa sababu baada ya wimbo kushika chati hakuna anayekumbuka walichokubaliana. Majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, pamoja na majina ya kisanii. Jina la wimbo na tarehe. Nani anamiliki masta, na kama ni zaidi ya mmoja, asilimia zijumlishwe zifike 100. Asilimia za utunzi kwa mashairi na kwa biti, kwenye mstari wake peke yake. Nani anatunza traki na kwa miaka mingapi. Je, studio inaruhusiwa kuuza toleo la ala, na kwa mgao gani? Malipo yaliyopokelewa. Saini, na shahidi mmoja asiye ndugu wa upande wowote. Nakala ipigwe picha na kuwekwa ndani ya folda ileile ya wimbo. Kisha kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na namba ya ISRC inayotambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12, iandikwe hapohapo, ili malipo ya mtandaoni yakija yajue njia. BRELA, TIN na leseni ya manispaa ni mambo ya kawaida ya biashara yoyote, ila bila hayo studio haiwezi kutoa risiti, na kampuni ya matangazo hailipi asiyetoa risiti.

Studio ikishapata kazi za kutosha, mwenyewe hufikiria kuajiri prodyuza wa pili ili vikao viwe viwili kwa siku. Naelewa kishawishi hicho, lakini mtu wa kwanza kuajiriwa awe mtunza ghala, hata kwa siku mbili za wiki. Hahitaji kujua kupiga kinanda. Anahitaji kujua kusoma, kuhesabu na kuwa mkali. Jumatatu asubuhi, studio ikiwa bado kimya, anatoa traki za nyimbo zilizomalizika wiki iliyopita, anahakikisha kila folda ina karatasi yake, ananakili kwenye diski mbili na kuondoka na moja. Kila baada ya miezi 3 anachagua wimbo mmoja wa zamani bila kuangalia orodha, anaufungua kwenye kompyuta isiyo na programu ya studio, na kuusikiliza traki kwa traki mpaka mwisho. Akikuta moja haifunguki, nakala ya pili inafuatwa na kunakiliwa siku hiyohiyo, kabla ya kikao cha jioni kuanza.